Mchele wa Kilombero na Ulinzi wa Majina ya Asili: Mafunzo Kutoka Mashamba ya Mizabibu ya Kusini mwa Ulaya

Mchele wa Kilombero ni miongoni mwa mazao ya chakula ambayo mnunuzi nchini huyaulizia kwa jina la mahali yanapotoka. Muuzaji wa Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma akilitaja jina la Ifakara mbele ya gunia, mnunuzi hutarajia harufu nzuri na wali unaochambuka, naye huwa tayari kulipa zaidi. Matarajio hayo ni mali ya wakulima wa bonde hilo, kwa kuwa wao na wazee wao ndio walioyajenga msimu baada ya msimu. Makala haya yanaeleza namna jina la mahali linavyoweza kulindwa kisheria, yanatoa mifano ya nchi za kusini mwa Ulaya zilizotangulia katika mvinyo, na yanabainisha mambo ambayo wakulima wa Kilombero watapaswa kukubaliana endapo watataka jina lao lipate ulinzi wa aina hiyo.

Maana ya kiashiria cha kijiografia

Kiashiria cha kijiografia ni jina linaloonesha kwamba bidhaa inatoka katika eneo fulani, na kwamba ubora, sifa au hulka yake inatokana kwa kiasi kikubwa na eneo hilo. Tafsiri hii imo katika Mkataba wa Masuala ya Hakimiliki Yanayohusiana na Biashara, maarufu kama TRIPS, ulioanza kutumika mwaka 1995 chini ya Shirika la Biashara Duniani.

Kiashiria hicho hutofautiana na alama ya biashara. Alama ya biashara ni ya mtu au kampuni moja, na mwenyewe anaweza kuiuza. Kiashiria cha kijiografia ni haki ya wazalishaji wote wa eneo husika wanaotimiza masharti yaliyokubaliwa, wala hakiwezi kuuzwa au kuhamishiwa mkoa mwingine. Vilevile hutofautiana na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Alama ya TBS humhakikishia mlaji kuwa bidhaa imekidhi kiwango, bila kujali ilikolimwa. Mchele unaweza kukidhi kiwango na bado usiwe wa Kilombero.

Uzoefu wa kusini mwa Ulaya

Nchi za kusini mwa Ulaya ndizo zenye historia ndefu zaidi katika jambo hili. Mwaka 1716 mtawala wa Toscana, nchini Italia, alitoa amri iliyoainisha mipaka ya maeneo yaliyoruhusiwa kuuza mvinyo kwa majina kadhaa, likiwemo Chianti. Mwaka 1756 Serikali ya Ureno, chini ya Marquis wa Pombal, iliweka mipaka ya bonde la mto Douro, nyumbani kwa mvinyo wa Porto, na nguzo za mawe zikasimikwa kuonesha mwisho wa eneo hilo. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mvinyo wa Douro na mvinyo wa maeneo mengine, na kukoleza rangi yake kwa maji ya matunda ya porini, hadi wanunuzi wa Uingereza wakaanza kuukataa. Hatua za Serikali zilijumuisha hata kung'oa miti iliyozaa matunda hayo.

Nchini Ufaransa, wakulima wa Châteauneuf-du-Pape walijiwekea masharti yao mwaka 1923: mipaka ya ardhi, aina za zabibu na kiwango cha chini cha kileo. Sheria ya taifa iliyounda mfumo rasmi wa majina ya asili ilikuja mwaka 1935, miaka 12 baadaye, na jina lao lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kutambuliwa mwaka 1936. Hispania ilitambua Rioja mwaka 1925, na Italia ikatunga mfumo wake wa kitaifa mwaka 1963. Mwaka 1992 Jumuiya ya Ulaya ilipanua ulinzi wa namna hiyo kutoka kwenye mvinyo hadi kwenye mazao ya kilimo na vyakula vingine. Ni kwa msingi huo jibini ya feta ilithibitishwa kuwa jina la Ugiriki pekee kwa hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya mwaka 2005, baada ya nchi nyingine kudai kuwa feta ni jina la kawaida la jibini.

Katika mifano ya Douro na Châteauneuf-du-Pape, makubaliano juu ya mipaka, mbegu na namna ya kuzalisha yalikuwa ndiyo kiini cha ulinzi. Sheria ililinda jina baada ya jina hilo kupewa maana inayoweza kukaguliwa.

Bonde na mpunga wake

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mito ya Ruhuji, Mnyera, Mpanga na Kihansi huingiza maji katika mto Kilombero, ambao nao ni tawi kubwa la mto Rufiji. Mvua zinapokolea kati ya Machi na Aprili, mto hufurika na kuacha udongo wenye rutuba katika uwanda mpana. Mwaka 2002 eneo la hekta 796,735 la bonde hilo liliorodheshwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Wandamba, Wambunga, Wabena na Wapogoro ni miongoni mwa wenyeji wa muda mrefu wa bonde hilo, na mpunga unaotegemea mvua na mafuriko umekuwa sehemu ya maisha yao kwa vizazi vingi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipitia Ifakara, Mngeta, Chita na Mlimba na kuunganisha mashamba hayo na Dar es Salaam. Daraja la mto Kilombero karibu na Ifakara, lililofunguliwa mwaka 2018, liliondoa utegemezi wa kivuko kwa wakazi wa Ulanga na Malinyi. Kadiri njia zilivyofunguka ndivyo jina la mchele huo lilivyosafiri mbali zaidi.

Mbegu zinazolimwa ni nyingi. Zipo za asili zenye harufu, kama Supa, Kaling'anaula na Shingo ya Mwali, na zipo zilizoboreshwa kitaalamu. Iliyo maarufu zaidi kati ya zilizoboreshwa ni TXD 306, ambayo wakulima huiita SARO 5. Mbegu hiyo ina harufu ya wastani na huzaa zaidi kwa eneo kuliko zile za asili. Kituo cha utafiti cha Ifakara, kilichojulikana kwa miaka mingi kwa jina la KATRIN na sasa kikiwa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kimekuwa kitovu cha kazi ya kuboresha mpunga nchini.

Harufu ya mchele ina maelezo ya kisayansi. Hutokana hasa na kemikali iitwayo 2-asetili-1-pirolini, na uwezo wa mmea kuitengeneza hurithiwa kupitia mbegu. Hata hivyo, kiasi chake katika punje hutegemea pia udongo, hali ya hewa, wakati wa kuvuna, joto la kukaushia na muda wa kuhifadhi. Mpunga wenye asili ya harufu ukianikwa vibaya au kukaa ghalani muda mrefu hupoteza sifa hiyo. Kwa hiyo sifa ya mchele wa Kilombero inategemea mambo matatu kwa pamoja: mbegu, bonde na mikono ya mkulima.

Jina lililovuka mpaka

Wilayani Karonga, kaskazini mwa Malawi, hulimwa mpunga wenye harufu unaoitwa Kilombero. Mchele wake unasifika nchini humo na umekuwa ukiuzwa Uskochi kwa jina hilohilo. Wakulima wa Karonga hawamdanganyi mtu. Kwao, Kilombero ni jina la mbegu wanayoipanda, na wamelitumia kwa uwazi huku wakitaja kuwa mchele wao unatoka Malawi. Lakini mlaji wa ng'ambo aliyelijua jina la Kilombero kupitia mchele huo hana sababu ya kulihusisha na mkoa wa Morogoro.

Suala hili lina uzito kisheria. Mkataba wa TRIPS hauilazimishi nchi mwanachama kulinda jina la nchi nyingine ikiwa jina hilo, katika lugha ya kawaida ya nchi hiyo, limekwisha kuwa jina la jumla la bidhaa husika. Aidha, hakuna nchi inayolazimika kulinda jina ambalo halilindwi katika nchi linakotoka. Jina lisilo na ulinzi nyumbani haliwezi kudai ulinzi ugenini, na kila mwaka unaopita bila ulinzi huongeza nafasi ya jina hilo kuzoeleka kuwa la mbegu badala ya la mahali.

Italia ilikabiliwa na hali inayofanana na hiyo. Prosecco lilikuwa jina la kijiji karibu na Trieste, na pia jina la aina ya zabibu iliyokuwa ikipandwa kwingineko. Mwaka 2009 zabibu hiyo ilipewa rasmi jina la Glera, na jina la Prosecco likatengwa kwa ajili ya mvinyo wa eneo lililowekewa mipaka na kukijumuisha kijiji hicho. Australia, yenye wakulima wanaotumia jina la Prosecco kwa zabibu, ilipinga hatua hiyo. Kwa upande mwingine, wakulima wa Friuli, nchini humohumo Italia, walilazimika kuacha kuuza mvinyo wao kwa jina la zabibu ya Tocai kuanzia mwaka 2007, kwa sababu lilifanana na Tokaj, jina la eneo la mvinyo la Hungaria. Mifano hii miwili inaonesha kuwa mgongano kati ya jina la mahali na jina la mbegu unaweza kutatuliwa, lakini upande mmoja hubeba gharama, na gharama hiyo hukua jina linapozidi kuzoeleka.

Kwa Kilombero, njia ya busara ni mazungumzo. Tanzania na Malawi ni wanachama wa Shirika la Kikanda la Miliki Ubunifu la Afrika (ARIPO), lenye makao yake Harare. Upo uwezekano wa mbegu kubaki huru kupandwa popote, huku jina la mahali likiambatana na maneno yanayobainisha nchi ya asili.

Hali ya sheria nchini

Miliki ubunifu si suala la Muungano, hivyo Tanzania Bara na Zanzibar zina sheria tofauti.

Zanzibar ina Sheria ya Miliki ya Viwanda Namba 4 ya mwaka 2008, ambayo inatambua viashiria vya kijiografia. Karafuu ya Zanzibar ndiyo bidhaa inayotajwa zaidi katika mjadala wa ulinzi huo.

Kwa Tanzania Bara, sheria kuu ni Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, inayosimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya alama za wafanyabiashara na haikuweka utaratibu mahsusi wa kusajili viashiria vya kijiografia. Hata hivyo, zipo sheria nyingine zinazomlinda mkulima na mlaji. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza maelezo ya uongo juu ya bidhaa, yakiwemo maelezo ya mahali ilikozalishwa. Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye dhamana ya kuisimamia. Mfanyabiashara anayejaza mchele wa kutoka nje ya bonde katika mfuko ulioandikwa Kilombero anaweza kuwajibishwa chini ya sheria hiyo. Ugumu uko katika ushahidi, kwa kuwa ni vigumu kuthibitisha udanganyifu ikiwa hakuna waraka unaosema mchele wa Kilombero ni upi.

Waraka wa masharti

Popote viashiria vya kijiografia vinaposajiliwa, msingi wake ni waraka wa masharti unaoandaliwa na wazalishaji wenyewe. Kwa kawaida waraka huo hueleza:

1. Jina linaloombewa ulinzi na bidhaa inayohusika.
2. Mipaka ya eneo, pamoja na ramani.
3. Mbegu zinazoruhusiwa na namna ya kulima, kuvuna, kukausha, kuhifadhi na kukoboa.
4. Sifa za bidhaa zinazoweza kupimwa, na uhusiano wa sifa hizo na eneo.
5. Chombo cha kukagua, namna ya kufuatilia mzigo kutoka shambani hadi sokoni, na adhabu kwa anayekiuka.

Kwa mchele wa Kilombero, kila kipengele kina swali lake.

Swali la kwanza ni mipaka. Je, jina liwahusu wakulima wa Ifakara na Mlimba pekee, au pia wa Malinyi na Ulanga ambao mashamba yao yako katika bonde hilohilo? India ilisajili jina la Basmati mwaka 2016 kwa ajili ya majimbo ya kaskazini, na jimbo la Madhya Pradesh, lililoachwa nje, limeendelea kudai nafasi yake. Pakistani nayo ilisajili Basmati yake mwaka 2021. Mipaka isiyokubalika na majirani huzaa mashauri ya miaka mingi.

Swali la pili ni mbegu. Masharti yakiruhusu mbegu za asili zenye harufu pekee, sifa ya jina italindwa, lakini mkulima anayepanda SARO 5 kwa ajili ya mavuno makubwa atakuwa nje ya jina la bonde alilozaliwa. Masharti yakiruhusu mbegu zote, wote watakuwa ndani, lakini mnunuzi anaweza kukosa harufu aliyoilipia. Baadhi ya maeneo ya mvinyo, kama Chianti, yametatua jambo hili kwa kuweka madaraja ndani ya jina moja, kila daraja likiwa na masharti yake. Uamuzi huu unawahusu wakulima wenyewe na haupaswi kuachiwa wataalamu au wanunuzi wakubwa pekee.

Swali la tatu ni mahali pa kukoboa. Kiswahili hutenganisha mpunga, mchele na wali, na utenganisho huo una maana katika biashara. Mpunga unaoondoka bondeni kwenye magunia na kukobolewa mjini huweza kuchanganywa na wa mikoa mingine kabla ya kufungashwa. Masharti yanayotaka mpunga ukobolewe na kufungashwa ndani ya bonde hurahisisha ukaguzi na kubakisha ajira karibu na shamba, lakini yanahitaji mashine zinazotenga chenga na mawe, pamoja na maghala ya kutosha.

Swali la nne ni mazingira. Jina likipandisha bei, hamu ya kufungua mashamba mapya itaongezeka. Kwa kuwa sehemu kubwa ya bonde ni ardhioevu iliyoorodheshwa kimataifa, masharti yanaweza kutamka wazi kuwa mpunga uliolimwa ndani ya hifadhi au kwenye kingo za mito zilizozuiwa hautatumia jina la Kilombero. Sharti hilo litalinda pia mafuriko yanayourutubisha uwanda.

Uzoefu wa Afrika

Nchi za Afrika zimekwisha kuonesha kuwa jambo hili linawezekana. Mwaka 2013 pilipili ya Penja na asali nyeupe ya Oku za Kamerun, pamoja na kahawa ya Ziama-Macenta ya Guinea, zilisajiliwa katika shirika la miliki ubunifu la nchi zinazozungumza zaidi Kifaransa, OAPI. Mwaka 2021 chai ya rooibos ya Afrika Kusini ilisajiliwa katika Umoja wa Ulaya. Katika mifano hiyo, bidhaa ilikuwa na kundi la wazalishaji lililojipanga kusimamia masharti yake.

Nchini, mchele wa Kyela na zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, ni miongoni mwa bidhaa zinazojulikana kwa mahali zinapotoka na ambazo zinaweza kufuata njia hiyohiyo.

Ikumbukwe pia kuwa usajili haumhakikishii mkulima bei. Ukaguzi una gharama, na jina lisilotangazwa sokoni halimnufaishi mtu. Faida huonekana pale mnunuzi anapolipa zaidi kwa sababu anaamini, na fedha hiyo inapomfikia aliyelima badala ya kuishia kwa aliyefungasha.

Hatua zilizo ndani ya uwezo wa wakulima

Yapo mambo yanayoweza kufanyika chini ya sheria zilizopo. Wakulima wanaweza kujiunga katika vyama vya ushirika vya mazao na masoko (AMCOS) chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na chama kikawa chombo cha kuandaa na kusimamia masharti. Chama kinaweza kusajili alama yake ya biashara BRELA na kuitumia kwenye mifuko ya wanachama. Mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, unaweza kusaidia kutenga mpunga kwa mbegu na mahali ulikotoka, na hivyo kuanzisha kumbukumbu za ufuatiliaji. TARI Ifakara na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo Morogoro, vina utaalamu wa kupima sifa za punje na kuzihusisha na eneo.

Mkulima mmoja mmoja anaweza kuanza kwa kutochanganya mbegu shambani na ghalani, kuanika mpunga kwenye turubai badala ya ardhini, na kutunza kumbukumbu za mbegu aliyopanda na tarehe ya kuvuna. Kumbukumbu za namna hiyo, zikikusanywa na chama kwa misimu kadhaa, ndizo zitakazotumika kuthibitisha uhusiano kati ya bonde na mchele wake wakati maombi ya ulinzi yatakapowasilishwa.

Wananchi wanaotaka maelezo zaidi wanashauriwa kuonana na maofisa kilimo wa kata na maofisa ushirika wa halmashauri zao. Masuala ya usajili wa alama hushughulikiwa na BRELA, na malalamiko juu ya maelezo ya uongo kwenye vifungashio huwasilishwa Tume ya Ushindani.